Uliza Ujibiwe: Nimesomea mazingira, jee mji unanihusu?

Safari hii barua nyingi ni za wanafunzi wa masta, sijui ndo msimu wa kuomba vyuo au watu wamechoka na wasimamizi wao. Nimechagua nne, ya mwanzo nimeijibu kwa urefu maana suali lake limekuja kwa namna tofauti kutoka kwa watu wengi, na wale walioniuliza hilo hilo inboksi waisome hapa hapa.

*

Maalim, assalaam alaykum. Mie msichana wa Wete, nimemaliza digrii ya kwanza ya jiografia na mazingira na sasa nimeanza masta ya sayansi ya mazingira hapa Unguja, nakaa kwa mamangu mdogo Kikwajuni. Darasani tunasoma misitu, matumbawe, mikoko na mabadiliko ya tabianchi, vyote vizuri, lakini mie kinachonivuta ni mji. Nikipita Mji Mkongwe au huku mitaa ya Ng'ambo naona kuna kazi ya mtu wa mazingira pale na sioni anaeifanya. Wenzangu wananambia mipango miji ni ya waliosoma Chuo Kikuu Ardhi kule Dar na uhifadhi wa majumba ni wa maakitekti, mie nimepotea njia. Baba nae kila nikipiga simu ananiuliza "hayo mazingira utaajiriwa na nani, na miti?" Nibadilishe kozi au niendelee? Na nikiendelea nianzie wapi?
Binti wa Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Baba yako msalimie sana, na suali lake ni la mtu mzima, usilifanyie mzaha, ntalijibu huko chini.

Kozi usibadilishe. Hao wenzako waulize, nyumba ya Mji Mkongwe ukiibandua plasta ndani mna nini? Mna mawe ya matumbawe, mna udongo, mna chokaa, na juu pale darini zimelazwa boriti za mikoko. Chokaa yenyewe ni hayo hayo mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni kwa kuni. Hata vile vyumba unavyoviona virefu na vyembamba, sababu yake kubwa ni boriti, mkoko una kikomo chake cha urefu na ukuta hauwezi kwenda mbali zaidi ya pale boriti inapofika. Sasa nambie mwanangu, hiyo ni nyumba ya akitekti peke yake? Yeye akichora ukarabati anaandika "boriti kadhaa" basi, haambiwi mkoko unachukua miaka mingapi kufikia unene ule wala umekatwa bonde gani. Na bwana misitu wa Maruhubi anajua mikoko yake yote, mchu na mkandaa anautofautisha usiku, lakini hajui dari moja ya ghorofa inakula boriti ngapi. Mji umeingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, kila anaetaka kukarabati anaambiwa atumie vifaa vya asili, na upande wa pili mikoko inalindwa na kukata mpaka kibali. Ukiikaza sana hiyo kamba ya mikoko mwenye nyumba anamwaga zege na nondo juu ya kuta ambazo hazikujengwa kubeba zege, ukiilegeza mikoko inakwisha. Hapo katikati hakuna mtu. Hapo ndo pako.

Na usidhani ni boriti tu. Kuta zile zinafyonza maji kutoka chini, ndo tabia yake, na chokaa inayaacha yatoke taratibu ukuta ukapumua. Anakuja fundi wa siku hizi anapiga sementi kwa sababu ndo iliopo dukani na inakauka haraka, maji yanakosa njia, yanapanda juu zaidi na chumvi yake, plasta inavimba inaanguka vipande, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza huvioni mpaka siku dari inaposhuka. Ongeza karo la jirani, yaani shimo la maji machafu, linalovuja na mtaro uliozibwa na mifuko na una tatizo la kemia ya maji na udongo lililovaa nguo ya majengo. Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la Forodhani, lilijengwa 1883 wakati wa Sayyid Barghash, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukaporomoka, sisemi ni sementi au ni chumvi, jengo lile lina hadithi yake ndefu, nasema tu kwamba wengi wetu siku ile tuliliangalia kwa macho ya historia na wachache walioliangalia kwa macho ya unyevu.

Kwa hiyo ukiniuliza mtu wa mazingira anatafuta nini mjini kwetu mie nakwambia afate maji. Mengine yote yanakuja nyuma yake.

Angalia hata mji wenyewe ulivyo. Hapo zamani maji ya Pwani Ndogo yalikuwa yakiingia kutoka upande wa Funguni na kuutenga Mji na Ng'ambo, watu wakivuka darajani, kisha wakoloni wakaanza kufukia kidogo kidogo mpaka miaka ya 1950 yakaisha kabisa. Hii barabara unayopita ukienda Darajani na soko lake, na majani yale ya upande wa pili, chini ni bahari iliyofukiwa, na masika yakipiga bahari inakumbuka kwao. Ukitaka kusoma nyaraka za mipango ya mji huu zisome kwa jicho hilo. Kuna ule wa Lanchester wa 1923, kuna wa Wajarumani Mashariki wa 1968 ambao ndo tunauona katika majumba ya Michenzani, kuna wa Wachina wa 1982, kuna wa Mji Mkongwe wenyewe uliofanywa miaka ya 1990 na Aga Khan Trust for Culture, halafu huu wa karibuni uliopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Kila mmoja una rangi zake na ahadi zake, wewe usishughulike na rangi, shika penseli uulize maji ya mvua huyu bwana anayapeleka wapi. Utashangaa wangapi hawana jibu. Ukifanya hivyo tu una sura ya pili ya tasnifu yako, na hakuna msimamizi atakaekurudishia.

Huo wa Ng'ambo Tuitakayo usome mara mbili. Ulifanywa na Idara ya Mipango Miji na Vijiji pamoja na wenzao wa Uholanzi, ukachukua yale mapendekezo ya UNESCO ya 2011 kuhusu mandhari ya miji ya kihistoria, ambayo kwa ufupi yanasema usihifadhi jengo moja moja ukaacha mtaa unakufa, hifadhi mji na watu wake na miti yake na baraza zake na njia zake za maji. Miaka yote tuliambiwa cha kuhifadhi kiko ndani ya Mji Mkongwe tu na Ng'ambo ni pa kubomoa, ikafika wakati wakakaa na wakaazi wakawauliza mitaa yenu mnathamini nini. Mie naona hiyo ndo hatua kubwa kupita zote kwenye mipango yetu, kuliko hata ghorofa. Na ni lugha ambayo wewe umeshaisoma darasani kwa jina jengine, maana mfumo wa ikolojia ndo huo huo, ukigusa hapa kunatikisika kule.

Sasa baba. Mwambie hivi, mazingira yana waajiri na hawafichiki. Kuna ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira iliyoundwa chini ya sheria ya mazingira ya 2015, kuna Mamlaka ya Maji, kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe, Kamisheni ya Ardhi, Idara ya Misitu, na mabaraza ya manispaa ambayo hapo Mjini Magharibi yako matatu na kila moja lina taka na mitaro inayomshinda. Kisha kuna makampuni ya washauri yanayofanya Tathmini ya Athari za Mazingira, kila hoteli kubwa inayotaka kujengwa pwani inatakiwa ipite huko, na mtu anaeandika sura ya maji na udongo ikaeleweka hatafutwi kwa tochi, anagombaniwa. Lakini mwambie na ukweli wa pili, ajira ya serikali ni foleni, kutangazwa nafasi leo na mtu kukaa kwenye kiti ni vitu viwili, na mwanzo wako pengine utakuwa kwenye mradi wa mkataba wa miezi kadhaa, mradi ukisha unarudi kutafuta mwengine. Akijua hivyo mapema hatokuuliza kila wiki.

Na kitakachokupa kazi si kuandika kwenye sivii "mpenda mazingira", hizo nimezisoma mpaka zimenichosha, sote tunapenda mazingira. Kitakachokupa ni uwe unaweza kukaa na ramani ya GIS, zile za kompyuta, asubuhi, sheria mchana, na jioni ukakaa barazani kwa sheha, kiongozi wa mtaa, ukasikiliza bila ya kumkatiza. Watu wenye moja ya hayo wapo tele, wenye matatu nawahesabu. Sheria tafuta chache uzisome zenyewe usisome muhtasari, ya mazingira ya 2015, ya ardhi ya 1992, ya Mji Mkongwe, na ile dikrii ya mipango miji ya 1955 ya enzi ya Muingereza ambayo imetutawala miaka mingi kuliko yeye mwenyewe alivyotamani.

Kianzio? Mie nngekwambia urudi kwenu. Kila mwanafunzi anataka kuandika Mji Mkongwe, kuna nyumba pale zimeshapimwa na wanafunzi wa nje mpaka bibi mwenye nyumba anamjua mtu kwa mkoba wake kuwa huyu mtafiti. Pemba nani anaandika? Wete, Chake, Mkoani ni miji, ina historia yake, ina yale majumba ya fleti ya Mtemani, ina bandari iliyozungukwa na mikoko, na imekaa juu ya vilima na chini yake mabonde ya mpunga. Maji ya mji yanateremka bondeni, na maji ya bahari nayo huko kwengine yanapanda, Kisiwa Panza wenyewe wanajua maji ya chumvi yamewafanya nini kwenye mashamba. Sasa suali lako ni hili au mfano wa hili: mji wa Wete unavyotanuka, mabonde ya mpunga yaliyo chini yake yanapokea nini, na yakifukiwa maji yale yatakwenda nyumba ya nani? Dogo, linapimika, na linaweza kusomwa na mkurugenzi wa baraza la mji akalielewa. Isitoshe wewe ni wa pale, mzee wa Kipemba akikusikia unavyosema tu atakwambia ambayo mtafiti wa kutoka Dar hatayasikia hata akae mwaka.

Msimamizi wako akikwambia hiyo si mada ya masta ya mazingira, mpe hizo sababu kwa adabu, na utafute msimamizi wa pili kutoka upande wa mipango miji. Vyuo vingi vinakubali wasimamizi wawili, omba mapema kabla proposali haijapitishwa, ikishapitishwa ndo mtihani.

*

Maalim salama? Mie kijana wa Fuoni, nafanya masta na mada yangu ni ujenzi holela na mafuriko wilaya ya Magharibi B. Msimamizi anataka nioneshe mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwa miaka thelathini, hela ya kununua picha za satelaiti sina, softwea sina, na kila ofisi nikienda kutafuta data naambiwa njoo kesho. Nifanyeje, maana nimeshaanza kukata tamaa.
Wa Fuoni

Kijana wangu, hela ya kununua picha usiitafute, huihitaji. Picha za Landsat, satelaiti za Marekani, ni bure kwa kila mtu tokea 2008, na zinarudi nyuma mpaka miaka ya 1970, na Sentinel-2 za Ulaya nazo bure, hizo zinaanzia 2015 na zinaonesha vizuri zaidi, mita kumi kwa mita kumi. Softwea tumia QGIS, bure pia, na inafanya kila utakachotaka kwa masta. Tatizo lako litakuwa mawingu, kisiwa hiki unaweza kupitia picha za mwaka mzima usipate moja safi, anza na za Januari na Februari na kipindi cha kipupwe, masika hata usifungue. Na angalia Landsat 7, baada ya Mei 2003 kifaa chake kimoja kiliharibika picha zote zina mistari mitupu, wanafunzi wanazipakua wanadhani laptopu zao zina virusi.

Miaka thelathini usiifanye kila mwaka, chagua tarehe nne tano. Kisha kwa hivi karibuni una bahati ambayo wenzako wa nchi nyingi hawana, mwaka 2016 visiwa hivi vilianza kupigwa picha kwa droni, na walioruka na kuziendesha walikuwemo wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wenyewe, picha zake unaona mpaka tangi la maji juu ya paa. Nenda Kamisheni ya Ardhi na barua ya chuo uombe eneo lako tu, usiombe Unguja nzima, ukiomba Unguja nzima ndo unaambiwa kesho.

Hilo la njoo kesho nalijua kwa pande zote mbili maana na mie nimekaa ofisini. Mara nyingi si ubaya, ni kwamba karani hajui unachotaka na anaogopa kukupa asichoruhusiwa. Nenda na barua inayosema waraka gani, wa mwaka gani, wa shehia gani, kibali chako cha utafiti kiwe mkononi, na uwahi asubuhi. Ijumaa mchana usiende. Mkishapatana muahidi kumrejeshea matokeo, na umrejeshee kweli, watafiti wengi wakishapata digrii hawaonekani tena na ndo wanaowaharibia nyinyi mnaokuja nyuma.

Sasa mada yenyewe. "Ujenzi holela" ni jina la kulaumu, usilianze tasnifu nalo. Huko kwenu kabla ya nyumba kulikuwa na mashamba, na mengi ni yale ya eka tatu yaliyogaiwa baada ya Mapinduzi ili watu walime. Baba kafa, watoto wanane, shamba halilimiki tena kwa kuwa limekatwakatwa, na mji umefika mlangoni, anakuja mtu na pesa anataka kiwanja. Anauziwa kwa karatasi ya mkono na shahidi wawili. Kihalali lile ni shamba mpaka leo, kwa hiyo hakuna ramani ya mtaa, hakuna pahala palipoachwa pa mtaro, na mabonde ambayo wazee walikuwa hawajengi kwa kuwa wanajua maji yanakaa, mgeni hajui, yeye anaona kiwanja rahisi. Masika yanamjulisha. Mwanakwerekwe pale barabarani sote tunakumbuka gari zilivyokuwa zikigeuka boti.

Mkoa mzima wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu karibu laki sita katika sensa ya 2012, ya 2022 ukakuta karibu laki tisa, hao wote wamekaa wapi? Wamekaa kwenye hizo eka tatu. Na kila nyumba imechimba karo lake, na kisiwa chetu hakina mito ya kunywa, tunakunywa visima na chemchem, na jiwe la chini ni la chokaa lenye mashimo, kinachoingia karoni kwako hakisafiri mwaka kufika kisimani kwa jirani. Ndo maana msitu wa Masingini unalindwa, si kwa ajili ya ndege tu, ni kwa ajili ya maji. Kwa hiyo ukipima mafuriko ukaacha kupima visima umeandika nusu.

Ushauri wangu, usifanye wilaya nzima. Tafuta bonde moja, kuanzia maji yanapoanzia mpaka yanapoishia, hata likivuka mpaka wa shehia, maana maji hayana sheha. Chora nyumba za kila kipindi, kisha tembea kwa miguu siku ya mvua na simu yako upige picha alama za maji kwenye kuta, na uwaulize watu maji yalifika wapi mwaka ule mbaya kuliko yote. Msimamizi wako atapata miaka yake thelathini na wewe utapata tasnifu inayomalizika. Usikate tamaa kijana wangu, ulipo wewe wengi wamepita na wakamaliza.

*

Maalim, mie mzazi wa Jang'ombe. Mwanangu kapata barua ya kukubaliwa masta ya mipango miji na mazingira huko Ulaya lakini ada hakupewa, ni mamilioni. Anataka tuuze kiwanja cha Tunguu. Babaake kashakubali mie roho inanikataa. Kuna njia nyengine?
Mama Jang'ombe

Dada yangu, roho yako iko sawa, msiuze. Barua ya kukubaliwa bila ya ada wanaipata wengi, vyuo vinataka wanafunzi wanaolipa, isikutieni kiwewe kwamba ikipita hii hakuna tena. Mwambie kijana aombe chuo kiahirishe nafasi yake mwakani, vingi vinakubali, na mwaka huo autumie kutafuta skolashipu.

Chevening ya Uingereza inataka mtu awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na akimaliza arudi nyumbani miaka miwili, maombi yake kwa kawaida yanafunguliwa Agosti. DAAD ya Ujerumani wana kozi maalum za watu wa nchi zetu, za mipango miji na mazingira zimo, nao wanataka miaka miwili ya kazi baada ya digrii na digrii isiwe imekaa zaidi ya miaka sita. Commonwealth, ya Jumuiya ya Madola, wapo pia. Kama kijana katoka chuo jana hana uzoefu wowote aangalie Erasmus Mundus, wao si lazima, na zimo za miji na mazingira ambazo unasoma nchi mbili tatu. Na Bodi ya Mikopo ya Zanzibar aende akaulize, nayo ni yetu, asije akaona haya kuomba mkopo kisha asione haya kuuza urithi.

Anaetaka pesa ili "akushughulikie skolashipu", mkimbieni.

Halafu muulize swali moja nae ajibu mbele ya babaake, anataka kwenda kusoma au anataka kwenda? Kama ni kusoma, masta nzuri zipo karibu. Chuo Kikuu Ardhi Dar wanafundisha mipango miji miaka na miaka, na kwa upande wa bahari na pwani Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa hapa, Buyu, na WIOMSA, ile jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Hindi ya magharibi, makao yake makuu yako Zanzibar na imekuwa ikitoa ruzuku za utafiti. Watu wanatoka Ulaya kuja kusoma mikoko yetu, yeye anauza kiwanja aende akaisome kwenye slaidi. Kama ni kwenda nako si dhambi, vijana wanataka kuona dunia, lakini hicho kiwanja kisilipie matembezi.

*

Maalim, swali fupi. Mie wa Chake, napenda sana mambo ya miji na mazingira lakini hesabu na mie ni maadui toka skuli. Jee ntaweza?
Asiyependa Hesabu

Hesabu za skuli zile za kutafuta x huzihitaji sana. Takwimu unazihitaji, hilo sikufichi, huwezi kusema kisima kimechafuka au mtaa umepungua miti bila ya kujua sampuli ni nini na wastani unadanganya vipi. Lakini takwimu ukizisomea kwenye kitu unachokitaka si zile zile za ubaoni. Chukua programu inaitwa R, haiuzwi, chukua mvua za Karume Airport na za Pemba za miezi ya masika ukizipata Mamlaka ya Hali ya Hewa, uzichore. Ukifika kujiuliza mbona mwaka fulani Pemba ilipata zaidi na Unguja ikakosa, basi umeshaanza, na huyo adui yako amekukalia ubavuni hujamuona.

Barua za mazingira zinatosha. Toleo lijalo nimepokea nyingi za mirathi na wenye kupangisha vyumba, mwenye la kuongeza alete mapema.